Mwezi Ulipokufa Chiwanda

Chiwanda,
4 Mei 1997

Mdogo wangu Tarsisi,

Tumsifu Yesu Kristo. Itika huko huko uliko, maana najua unasema dada kaolewa na Mwanglikana kasahau hata kusalimia. Sijasahau. Hamjambo nyote? Mama anaendeleaje na mguu? Mwambie binti yake Notburga anamwamkia, shikamoo mara mia. Sisi huku hatujambo. Nathanieli yupo na mtumbwi wake na kelele zake. Glorious yuko darasa la tano, ananisaidia kuanika usipa, hivi visamaki vyetu vya ziwani, na ana meno yako, maskini mtoto wa watu. Tumesikia siku hizi wanunuzi binafsi wa kahawa wanapanda mpaka Mbuji na pikapu, kila mmoja na mizani yake. Angalieni msije mkauza na miche.

Sasa nikuambie kilichonifanya nichane karatasi kwenye daftari la mtoto.

Ziwa linaondoka. Usicheke. Mwaka juzi lilirudi nyuma kidogo tukasema ni kiangazi. Mwaka jana likarudi tena. Sasa hivi, kutoka ile nguzo ambayo Nathanieli alikuwa anafungia mtumbwi mpaka yalipo maji, nimehesabu hatua mia mbili na kumi. Nguzo imebaki peke yake kwenye mchanga mkavu, mbuzi wanajikunia hapo. Na kule maji yalikotoka kunatokea vitu. Mawe meusi ambayo hata wazee hawayajui kwa majina. Safu ya nguzo za nyumba, zimeoza, na jiwe la kusagia limekaa mahali pake kama mwenyewe kaenda kuomba chumvi kwa jirani. Nani alikaa huko chini? Hakuna anayejua. Glorious nimemkataza kwenda.

Halafu mwezi uliopita ile nyota yenye mkia. Huko milimani mliiona? Hapa ilining'inia juu ya maji upande wa Malawi kila jioni, watu wanakula huku wameipa mgongo. Basi akaja mhubiri mmoja anaitwa Dastan, ana spika na kaseti. Anasema mwezi umelegea, unasogea karibu na dunia kidogo kidogo, na ndio unaolinyonya ziwa. Siku mwezi utakapokufa angani, anasema, ziwa litarudi lote kwa mpigo kudai mahali pake. Familia nne zimeshapanda juu na masufuria yao. Nathanieli anacheka. Mimi sicheki.

Wewe ni mwalimu, mambo ya mwezi na jua ndiyo unayoyafundisha. Niambie ukweli, si wa kunibembeleza: nimchukue mtoto nipande kwa mama, au nibaki hapa na mume wangu? Sina mwingine wa kumwuliza.

Barua anakuletea dereva wa lori la usipa. Mpe chai.

Dada yako,
Notburga


Mbuji,
2 Juni 1997

Mpendwa Dada,

Milele na milele, amina. Shikamoo. Waraka ni nusu ya kuonana, na mimi nilipofungua wako nikasikia kabisa sauti yako ya ugomvi. Mama hajambo, mguu unavimba jioni na kupoa asubuhi. Anasema shikamoo zako kazipokea, lakini anataka na usipa. Kahawa mwaka huu imezaa. Mahindi kwenye mashimo ya ngolo huku mlimani yamekauka vizuri, tunavuna. Mimi nimepewa darasa la saba na zamu ya kengele, maana mwalimu mwenzangu kaacha kazi kaenda kununua kahawa.

Dada, tulia sasa nikufundishe.

Kwanza, mwezi hausogei karibu. Unasogea mbali. Kila mwaka unatuacha kwa upana wa vidole viwili, na hilo limepimwa. Kwa hiyo huyo Dastan wako kashika kitabu kichwa chini. Pili, ni kweli mwezi unavuta maji, lakini ya bahari. Nilipokuwa chuoni Mtwara nilikuwa naona kwa macho yangu maji yanakupwa na kujaa kila siku. Nyasa ni kubwa kwetu sisi, lakini mbele ya mwezi ni bakuli. Hauwezi kulivuta hata upana wa ukucha ukaona. Ziwa limeshuka kwa sababu mvua zimekuwa haba miaka mingi. Zikirudi, litarudi taratibu kama lilivyoondoka.

Tatu, na hili mpelekee huyo mhubiri. Marehemu Padre Florian aliniachia kijitabu cha wataalamu wa nyota kutoka Ulaya, kina kila tukio la angani la mwaka huu mpaka dakika. Mwezi utapatwa, kweli, na utakuwa mweusi wote. Ni Jumanne tarehe 16 Septemba. Utachomoza jioni ukiwa umeshakufa, utaanza kupona saa moja na dakika kumi na nane usiku, na ikifika saa mbili na dakika ishirini na tano utakuwa mzima kama sahani. Hakuna ziwa litakalokwenda popote. Kinachotokea ni kivuli cha dunia tu, sawa na kivuli cha mlango.

Baki na mumeo, Dada. Usimkimbie mtu kwa ajili ya kaseti.

Mdogo wako,
Mwl. Tarsisi


Chiwanda,
13 Julai 1997

Tarsisi mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo? Mama hajambo? Usipa huo kwenye kikapu ni wa mama, si wa mwalimu. Sisi wazima. Glorious alikuwa na homa, imepita. Upepo wa kusini unavuma wiki nzima, mitumbwi imelala.

Loo, wewe na kijitabu chako! Barua yako Nathanieli kaisoma mbele ya watu pale wanapouzia samaki, kwa sauti, na ile ya kivuli cha mlango kaisoma mara mbili. Dastan alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Kwa hiyo hata mwalimu anakubali kwamba utakufa?" Jioni ile familia nyingine mbili zikapanda.

Kuna jambo sikukuambia barua ile. Asubuhi nyingine naamka mapema nakuta mstari wa povu umepita kwenye nguzo ya zamani. Povu bichi, Tarsisi, na mchanga umelowa. Ziwa lenyewe liko kule kule hatua mia mbili. Nimeuona mara tatu. Kabla jua halijapanda unakuwa umekauka, na nikimwita Nathanieli anakuta mchanga tu. Ananiuliza kama nimeanza kusikiliza kaseti.

Sasa huyu shemeji yako. Unajua usipa haufuati taa penye mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wote wanakaa nyumbani wanashona nyavu, ndivyo ilivyo tangu babu. Yeye kasoma barua yako kasema: "Mama Glorious, hilo ni giza katikati ya mbalamwezi! Usipa wana njaa wiki nzima, ziwa halina mtu, na mimi peke yangu nina taa." Anataka kuingia jioni ile ya tarehe 16. Na anataka watu wamwone akirudi, ili waliohama washuke. Alphonce, mwenzake wa mtumbwi, kakataa. Nathanieli anasema ataenda hata peke yake na wavu wa mkono. Nimemwambia aache. Kaniambia, "Shemeji yangu hasemi uongo."

Mwandikie wewe. Akisikia kwako ataacha.

Notburga


Mbuji,
3 Agosti 1997

Dada yangu,

Shikamoo. Milele na milele. Usipa umefika, mama kaufungia kabatini na funguo kaweka kifuani. Glorious apone kabisa, mpe pole ya mjomba. Huku tunachuma kahawa mpaka vidole vimekuwa vyekundu.

Nimefurahi mno kusikia shemeji kaisoma barua yangu hadharani. Ndio watu tunaowataka katika nchi hii. Kuhusu povu: chukua karai, lijaze maji, litembeze uani. Maji yanapanda upande huu, yanashuka upande ule. Upepo wa kusini ukilisukuma ziwa siku kadhaa halafu ukaacha, ziwa nalo linayumba hivyo hivyo. Umeona ulichokiona, Dada, hujarogwa.

Kumzuia shemeji siwezi, maana sina sababu. Akili aliyotumia ni akili hasa, na mimi nisingeiwazia. Aingie jioni jua likiwa bado lipo, asiende mbali, atumie giza hilo, arudi mwezi ukipona. Ila yale mawe meusi yaliyotokea yananitia wasiwasi, atakuwa anarudi mwezi ungali na kivuli. Basi wewe washa moto mkubwa pale ufukweni, aulenge. Uache uwake mpaka saa mbili na nusu. Baada ya hapo mwezi utamwonyesha njia.

Wasalimie wote, na Dastan pia.

Mwl. Tarsisi


Mbuji,
11 Septemba 1997

Mpendwa Dada Notburga,

Shikamoo sana. Tumsifu Yesu Kristo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji na Glorious. Sisi huku kwa neema ya Mungu hatujambo. Mama alikwenda hospitali ya misheni, wamempa dawa ya kupaka na kumkataza chumvi, na chumvi haachi. Anauliza kila siku kama utakuja Krismasi. Nimemwambia utakuja.

Kahawa tunaipeleka barabarani wenyewe, wanunuzi watatu wanagombania magunia yetu kama mabwana harusi. Siku hizi mwalimu hana usingizi, mchana chaki, jioni magunia. Mwalimu mkuu kahamishwa. Paa la darasa la nne limeezuliwa na upepo, watoto wanasomea kanisani. Rosa wa mjomba kajifungua mapacha, wa kwanza kamwita jina la mama.

Na mbuzi wa Raimundi! Yule beberu mwenye jicho moja kaingia shambani kala miche ya kahawa mistari miwili mizima. Raimundi kaitwa kwa balozi wa nyumba kumi, akasema mbuzi wake haoni upande wa kushoto, kwa hiyo hakujua kama ni shamba la mtu. Balozi kacheka mpaka kaahirisha kesi. Kesi inasomwa tena wiki ijayo, nitakuambia beberu kahukumiwa nini.

Wasalimie majirani wote, wasalimie wakwe zako, msalimie Alphonce. Mwambie Glorious asome.

Ndimi mdogo wako,
Tarsisi

Nyongeza. Dada, kuna jambo dogo. Zile saa nilizokupa ni za Griniwichi, Uingereza. Imeandikwa ukurasa wa kwanza, nami nilianza kusoma ukurasa wa tisa. Huku kwetu unaongeza saa tatu. Kwa hiyo mwezi utachomoza ukiwa mzima. Utaanza kuliwa saa mbili na dakika nane, utakufa wote saa tatu na robo usiku, na hautapona kabisa mpaka saa tano na nusu. Mwambie shemeji. Na moto uwake mpaka hapo, tafadhali.


Chiwanda,
28 Septemba 1997

Tarsisi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama hajambo? Mpe shikamoo. Glorious hajambo. Mimi nipo. Mawe yapo, mchanga upo.

Barua yako ya tarehe 11 nimeipata juzi, tarehe 26.

Nathanieli hajarudi.

Aliingia ziwani saa kumi na moja jioni, peke yake, na taa yake na wavu wa mkono. Alikuwa anapiga mluzi. Nilikwenda ufukweni na kuni, nikawasha moto kama ulivyosema. Watu wote waliobaki kijijini walikuja kuangalia mwezi ukichomoza umekufa. Ukachomoza mzima, mkubwa, mweupe. Tukakaa. Saa moja, moja na nusu, mzima. Watu wakacheka, wakasema mwalimu wa Mbuji kasoma kitabu cha mwaka jana. Hata Dastan alicheka. Watu wakaenda kula.

Sikujua kwamba mume wangu kule ndani alikuwa bado anaungoja. Lakini namjua. Shemeji yake hasemi uongo.

Nilikuwa nakwangua ugali sufuriani Glorious akaniita: "Mama, njoo uone, umeng'atwa." Ukaliwa taratibu mpaka ukaisha, ukabaki unaning'inia rangi ya shaba iliyoungua. Watu wakajifungia ndani, wakapiga vinu, wakapiga mabati. Mbwa walinyamaza wote. Kisha vinu navyo vikanyamaza, kimoja kimoja, kwa sababu tulisikia maji. Si kule mbali yaliko siku hizi, Tarsisi. Karibu. Pale pale yalipokuwa zamani, yanapiga ukingo, polepole, kama yalivyokuwa yakitubembeleza tukiwa wachumba. Tulisikia wote, kila nyumba, na hakuna aliyefungua mlango.

Asubuhi mtumbwi tuliukuta. Umefungwa kwenye nguzo ya zamani, hatua mia mbili na kumi kutoka kwenye maji. Mchanga hauna alama ya kuburutwa. Taa imeisha mafuta, wavu umekauka. Fundo ni lake, lile la kuzungusha mara tatu na kuficha ncha. Nalijua, nimelifungua miaka kumi na minne.

Yeye hakuwemo. Wamemtafuta siku tisa, Alphonce ndiye wa mbele, analia huku anapiga kasia.

Mama mkwe kakataa matanga. Anasema hakuna mwili, hakuna kilio. Na wewe usije kwanza. Hapa jina lako halitajwi vizuri. Usinieleze habari za karai. Usinieleze chochote.

Notburga


Mbuji,
19 Oktoba 1997

Dada yangu,

Shikamoo. Sina uso wa kukusalimia lakini nakusalimia. Mama anajua, nilimwambia. Hajala siku mbili, na usipa uliobaki kampa jirani.

Nilianza kukueleza lile la maji, nimechana karatasi. Umesema nisieleze.

Ila hili lazima ulisikie kutoka kwangu. Kosa lile la saa sikulijua tarehe 11. Nililijua tarehe 7, Jumapili, baada ya misa. Nilikuwa nataka kumwonyesha katekista kijitabu, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaona. Ningeondoka siku ile ile kwa miguu ningefika kwako kwa siku mbili au tatu. Sikuondoka. Wiki ile ndiyo tulikuwa tunauza kahawa. Na zaidi ya kahawa, Dada, nilikuwa naona aibu. Shemeji alishaisoma barua yangu mbele ya watu. Nikakaa siku nne natafuta namna ya kuandika isionekane kubwa. Ndipo nikaandika salamu zote zile, na Rosa, na paa, na mbuzi, nikalitupa kule chini, nikaliita jambo dogo. Kisha nikampa dereva nikalala usingizi.

Dereva nimemfuata Mbinga. Ameniapia kwamba alipita kwako tarehe 15. Nimegombana naye mbele ya watu, nimemwita mwongo. Madereva hawa wanapakia abiria na magunia, barua inakuwa ya kufutia kioo. Lakini kosa si lake. Mimi ndiye niliyekuwa na miguu.

Njoo huku na Glorious. Chumba changu ni chako.

Tarsisi


Chiwanda,
14 Desemba 1997

Tarsisi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama hajambo? Krismasi sitakuja. Mvua hii mnaiona na huko? Haikatiki. Barabara imekatika sehemu tatu, sijui barua hii itapita wapi. Ziwa linapanda. Juzi lilifunika lile jiwe la kusagia, leo asubuhi limefika hatua themanini kutoka kwenye nguzo. Waliohama wanaanza kushuka, na Dastan na spika yake kahamia Ngumbo, anasema huko ndiko kunakofuata.

Umeniambia lako, nami nikuambie langu.

Moto niliuzima. Mwezi ulipochomoza mzima na watu wakacheka, nikaona moto wa nini kwenye mbalamwezi. Kuni nilizibeba nyumbani nikapikia ugali. Mwezi ulipokufa nilikumbuka. Nilishika kibiriti, Tarsisi, nilishika na kuni. Nilifika mpaka mlangoni, mkono kwenye komeo. Nikasikia maji. Nikarudi, nikamkumbatia mtoto, nikajifunika blanketi. Mume wangu yuko kule katikati ya mawe anatafuta moto wangu, na mimi nimejifunika.

Mama mkwe sijamwambia. Glorious anajua, alikuwa ubavuni mwangu. Siku hizi kibiriti anakificha yeye, kila jioni anajua kilipo.

Siji huko. Nani atakuwa hapa? Nataka kitu kimoja kwako, na usikose safari hii. Niambie mwezi utakufa lini tena.

Notburga


Mbuji,
8 Februari 1998

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imesafiri wiki saba, ilikuwa imelowa mpaka wino umeingia upande wa pili. Mama hajambo, anatembelea fimbo.

Kijitabu cha Padre Florian kiliishia mwaka jana. Mapadre wamenitafutia kingine. Safari hii nimeanza ukurasa wa kwanza. Huu unaofuata, wa kuonekana vizuri huku kwetu ukiwa juu kabisa, uko mbali, Dada: Jumanne, tarehe 9 Januari, mwaka 2001. Utaanza kuliwa saa tatu na dakika arobaini na mbili usiku. Utakufa wote saa tano kasoro dakika kumi. Utaanza kupona saa sita kasoro dakika nane. Saa tatu nimeziongeza. Nimehesabu mara nne, nimempa na mtoto wa darasa la saba ahesabu bila kumwambia ni za nini, akapata hizo hizo.

Sikuulizi unazitakia nini. Nitakuja mwenyewe, na kuni nitabeba mimi. Jina langu walitaje watakavyo.

Tarsisi


Chiwanda,
14 Januari 2001

Tarsisi, naanza na jambo lenyewe, salamu zitafuata.

Barua yako ya tarehe 11 Septemba haikuchelewa. Ilinifikia Jumatatu tarehe 15 saa nane mchana, kutoka mkononi mwa dereva yule yule uliyemwita mwongo. Nathanieli alikuwa amekaa mlangoni anafunga kamba kwenye wavu. Akaniuliza, "Shemeji anasemaje?" Nikaifungua nimesimama. Nikasoma mguu wa mama, nikasoma kahawa, paa, mapacha wa Rosa. Nikafika kwenye mbuzi wa Raimundi, ile ya jicho la kushoto, nikacheka kwa sauti. Nikamsimulia, naye akacheka mpaka akaangusha sindano ya wavu. Usipa ulikuwa juani na kunguru wameshuka. Nikaikunja, nikaichomeka kwenye paa, nikasema, "Hamna kitu, ni salamu tu."

Niliisoma yote asubuhi ya tarehe 17, baada ya kuuona mtumbwi.

Miaka mitatu nimekuacha ubebe peke yako. Umegombana na mtu wa haki mbele ya watu wa Mbinga. Usiku ule wa tarehe 9, pale kwenye moto, ulipoanza tena kuniomba msamaha kwa siku zako nne, nilifungua mdomo nikasema, "Ongeza kuni." Ndilo neno pekee nililoweza. Nisamehe, mdogo wangu. Nenda kwa dereva yule, umwambie ni mimi.

Nikuambie na la moto wenyewe. Ulipolala karibu na alfajiri mimi sikulala. Unakumbuka kwamba tuliuwasha juu sana, nyuma ya nguzo, kwa kuwa nguzo sasa iko majini mpaka shingoni. Mwezi ulipokuwa mweusi nilisikia tena yale maji ya zamani, na safari hii nilikaa. Sikujifunika. Asubuhi ulipokwenda kunawa niliona mstari wa povu umepanda mpaka kwenye majivu, umezunguka majivu mara tatu kama lile fundo lake, ukarudi. Niliufuta kwa mguu kabla hujafika. Sikutaka maelezo ya karai. Ulipokwisha kuondoka nikamwendea mama mkwe, nikamwambia yote, ya moto na ya barua. Akasema tuweke matanga. Tunaanza Ijumaa. Njoo tena, na safari hii uje na mama.

Sasa salamu. Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo nyote huko Mbuji? Mama hajambo? Mpe shikamoo mara mia. Rosa na mapacha wake hawajambo? Glorious anakuamkia, kibiriti karudisha jikoni. Sisi huku hatujambo.

Na yule beberu wa Raimundi, mpaka leo hujaniambia alihukumiwa nini.

Dada yako,
Notburga